Fomu Iliyojazwa Jikoni

Jela ya Wilaya ya Tolliver, Jojia
22 Januari 2023

Shangazi Earline,

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakuomba ukae kitini kabla hujaendelea kusoma. Natumaini goti limepungua uvimbe, na kwamba Dada Lavonia bado anakuletea ile supu yake isiyo na chumvi. Mimi mzima. Nakula, nalala, hakuna aliyeninyanyasa.

Najua Jalisa amekuuliza nilipo. Mwambie mama yake yuko salama na atarudi, usimwambie lini. Nguo zake za shule ziko kwenye ile droo inayokwama, ivute huku umeinyanyua kidogo. Usimpe maziwa usiku, tumbo linamsumbua.

Sasa lile lenyewe. Walinikuta kazini, pale nyumba ya wazee, nikimnyoa ndevu Mzee Caldwell. Upande mmoja wa uso nimeshamaliza, upande wa pili una povu. Polisi wawili. Nikawauliza nimefanya nini, wakasema, "Umepiga kura." Shangazi, nilicheka. Nilidhani ni utani wa wenzangu wa zamu ya asubuhi. Nilipoona pingu ndipo nikaacha kucheka, na Mzee Caldwell akabaki na povu lake.

Wanasema hivi. Hukumu yangu ya mwaka 2017, ile ya madawa ya kulevya waliyoyakuta kwenye gari la yule rafiki yangu Terrence, ilikuwa miaka kumi. Miwili nimekaa ndani, minane ni kifungo cha nje. Na kifungo cha nje nacho ni kifungo, na mfungwa hapigi kura. Mimi nilipiga mwezi wa kumi, nilipopanda basi la kanisa pamoja nanyi. Kwa hiyo nimevunja masharti, na jaji akitaka atanirudisha ndani nimalize miaka iliyobaki, minne na kitu. Kesi itasikilizwa mwezi wa sita. Jela ya kwetu imejaa, ndiyo maana wamenileta huku mwendo wa saa tatu.

Simu zipo, lakini wewe simu huisikii. Tutamaliza dakika zote unauliza "Nani? Nani mwenzangu?" Niandikie barua. Ila ujue, kila barua inafunguliwa na kusomwa kabla haijanifikia. Niandikie habari za nyumbani tu, Shangazi. Za nyumbani tu, nakuomba.

Mwanao,
Denitra

*

Harlow, Jojia
2 Februari 2023

Denitra mwanangu,

Nimeipokea barua yako jana nikiwa na Lavonia, nikamwambia atoke na supu yake nisome peke yangu. Goti lipo palepale. Jalisa ameng'oka jino la mbele na amekuwa wa pili darasani kwenye kusoma kwa sauti. Aliyemshinda ni yule mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mimi nahesabu kwamba ni wa kwanza. Mchungaji amekutaja kwenye maombi, akalikosea jina lako, nikamsahihisha kutoka kiti cha nyuma.

Sasa nisikilize. Nina miaka sabini na sita. Mwaka 1965 nilimshika mama yangu mkono tukapanda ngazi za mahakama ya wilaya yeye akajiandikishe, na karani mzungu akamwambia asome ukurasa mzima wa katiba, kisha aueleze. Mama alisoma, akaeleza. Karani akasema hajaridhika. Tulirudi mara nne. Mara ya tano mama alivaa viatu vya harusi ya dada yake kwa kuwa vyake vilikuwa vimekwisha soli, na siku hiyo karani akachoka yeye, akamwandikisha. Tangu hapo hakuna uchaguzi uliopita Harlow bila Mabry kwenye foleni. Basi la kanisa nimelisimamia miaka thelathini. Kila Jumapili ya kura za mapema, ibada ikiisha, navaa glavu zangu nyeupe za uhudumu, nasimama mlangoni, nahesabu vichwa. Mwaka jana tulikuwa arobaini na mmoja, na wa arobaini na mmoja ulikuwa wewe.

Yule mzungu wa kule ziwani, umemsikia? Alipiga kura yake, kisha akapiga na ya mkewe aliyekufa mwezi wa nane. Amepewa onyo na kazi ya kuokota takataka pembeni mwa barabara wikiendi mbili. Nimemwona kwa macho yangu akiokota, tena amevaa miwani ya jua.

Na wewe unatakiwa urudi ndani miaka minne kwa kosa ambalo si lako? Hapana. Fomu ya kujiandikisha niliijaza mimi. Mkono ni wangu, meza ni yangu, jikoni kwangu. Pale panapouliza kama unatumikia kifungo, niliyeweka alama ya hapana ni mimi Earline, kwa sababu nilikuona umekaa mbele yangu unasafisha majani ya kolade ya mboga, hujafungwa popote. Wewe uliweka sahihi tu, na mikono ilikuwa bado na maji. Nitakwenda kumwambia huyo mwendesha mashtaka. Akitaka kumfunga mtu anifunge mimi, nimeshazeeka, sina cha kupoteza.

Shangazi yako,
Earline Mabry

*

Jela ya Tolliver
20 Februari 2023

Shangazi,

Salamu. Nimefurahi kuhusu jino na kusoma.

Shangazi, umesahau tena. Fomu niliijaza mwenyewe. Wewe siku hiyo ulikuwa jikoni unakaanga samaki, ukasinzia kwenye kiti, na samaki wakaungua. Unakumbuka? Hukumbuki. Si kosa lako. Siku hizi mambo yanakuchanganyikia, na mimi ndiye nilipaswa kukupeleka kwa daktari mapema. Usiende kokote, usiongee na mtu yeyote. Pumzika tu.

Mbusu Jalisa.

Denitra

*

Harlow
3 Machi 2023

Denitra,

Jalisa hajambo. Mvua imenyesha wiki nzima na dari la chumba cha nyuma linavuja. Nimeweka ndoo. Hizo ndizo habari za nyumbani ulizotaka.

Mimi sijasahau kitu. Umeniudhi mpaka nimeshindwa kula. Mimi nimepika kwenye shule ya msingi ya Harlow miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa najua majina ya watoto mia nne, nikijua yupi akila karanga anavimba, yupi hajala tangu jana nyumbani nimwongezee bila wenzake kuona. Leo wewe, niliyekuogesha kwenye beseni, unaniambia nimechanganyikiwa?

Samaki gani? Hapakuwa na samaki. Ilikuwa Jumanne, kolade na mguu wa nguruwe. Kalamu ilikuwa ile ya bluu ya nyumba ya mazishi, waliyotugawia siku ya kumzika Dada Odell. Iliandika vibaya, nikaipuliza nchani, ikaandika. Nilikuuliza tarehe yako ya kuzaliwa ingawa naijua, kwa kuwa nilikuwa nataka uone tunafanya jambo la maana. Hayo yote yako kichwani mwangu kama jana.

Sikukufundisha uongo mimi. Baba yako Hosea angekuwa hai angekukanya. Nakuandikia kwa mara ya pili, na yeyote anayezifungua barua hizi asome vizuri: aliyejaza ile fomu ni Earline Mabry, mwenye akili zake timamu.

Shangazi yako

*

Barua hii imeletwa kwa mkono na Bwana Teague, wakili
11 Aprili 2023

Shangazi yangu,

Nisamehe kukaa kimya mwezi mzima na zaidi. Nilikuwa naogopa hata kushika kalamu. Bwana Teague amekubali kukuletea hii bila kuuliza kilichomo, na ya wakili hawaifungui. Ukimaliza kuisoma ichome kwenye jiko.

Zile barua zako mbili zimesomwa, Shangazi. Wamezitoa nakala, zikaenda mezani kwa mwendesha mashtaka. Mwezi uliopita alikuja huku yeye mwenyewe, suti nzuri, kaniletea hadi soda. Akaziweka mbele yangu na kusema, "Soma hapa. Shangazi yako amekiri. Thibitisha tu kwamba ni kweli, na wiki ijayo unalala kwako." Nikamuuliza wewe utafanywaje. Akasema sheria ni sheria, kumwandikisha mtu asiyeruhusiwa ni kosa kubwa kuliko la kupiga kura, na hatachagua umri.

Mimi hanitaki, Shangazi. Mimi ni chambo tu. Anachotaka ni lile basi. Aliniuliza maswali ishirini kuhusu basi: nani dereva, nani anaandika majina, nani anawaambia watu wapande, mchungaji anasema nini siku hiyo. Akikupata wewe, anayefuata ni Shemasi Rufus kwenye usukani, na Jumapili ile ikija tena hakuna atakayepanda. Watu wana hofu, unawajua.

Halafu kuna Jalisa. Nikisema ndiyo, mimi natoka, lakini kifungo cha nje kinaendelea, na kazi ile sina tena, na nyumba ni yako. Wewe ukiwa ndani na mimi sina kazi wala nyumba, afisa anayenisimamia ananirudisha kwa sababu hiyohiyo, na mtoto wanamchukua kumpeleka kwa watu asiowajua. Nikikataa, narudi ndani mimi, lakini mtoto anabaki na wewe. Na ukienda kusema kweli mbele ya jaji, hunitoi. Bwana Teague ameniambia wazi: sahihi ni yangu, kura ni yangu. Tutakwenda wote wawili. Nimeligeuza kila upande na hakuna mlango.

Uliobaki ni mmoja, na ndio nilioanza kuufungua mwezi wa pili ukanikasirikia. Nitasema fomu nilijaza mwenyewe, na kwamba shangazi yangu ni mzee, akili zimemtoka kidogo, anasema mambo ambayo hayakuwa. Na wewe itabidi ujitie hamnazo. Kwenye barua, kanisani, mbele ya jaji. Bila hivyo barua zako zile mbili ni ushahidi.

Najua ninachokuomba. Hakuna mtu Harlow mwenye kumbukumbu kama yako, na mimi nitasimama mahakamani, wenzako wakisikia, niseme huna. Ningekuwa na kitu kingine cha kukuomba ningekuomba hicho.

Denitra wako

*

Harlow
30 Aprili 1974

Denitra mpenzi,

Habari za huko kazini? Hapa wote wazima. Hosea alikuja jana akarekebisha ngazi za mbele, maana zilikuwa zimeoza. Nimempikia uji mzito wa mahindi na siagi akala sahani mbili. Nimemwambia amlete mke wake, kila siku anaficha mke.

Kuna msichana mdogo anakaa hapa nyumbani. Mzuri, pengo la mbele. Ananiita bibi. Nimempa chumba cha nyuma, lakini dari linavuja kwa hiyo tunalala pamoja, na yeye anavuta blanketi lote.

Umenitajia fomu kwenye barua yako. Fomu gani hiyo? Mimi sijajaza fomu tangu niache kazi shuleni. Labda niliota. Siku hizi naota mchana. Nilikaanga samaki wakaungua, Lavonia akaja mbio akidhani nyumba inawaka.

Hosea anasema wewe ni mkaidi, umerithi kwake, na anakupenda sana. Kasema nikuandikie hilo nisilisahau.

Ni mimi,
Earline

*

Gereza la wanawake la jimbo, Jojia
25 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu na kukuombea afya. Nimehamishwa. Huku ni mbali zaidi, saa tano, kwa hiyo usimwombe Shemasi Rufus akulete, atakufa kwenye usukani. Nimepangiwa kufua nguo. Mwenzangu chumbani ni mama wa makamo kutoka milimani kaskazini, mzungu, anakoroma kama trekta lakini ana roho safi. Amenipa soksi.

Sijui kama unakumbuka siku ya kesi. Ulikaa benchi la pili, kofia ya zambarau. Ulipendeza sana. Jalisa alikuwa amekushika mkono muda wote. Jaji alisema miaka minne na mwezi mmoja. Nakuandikia hapa ili uwe nayo kwenye karatasi, kwa sababu huenda ukasahau.

Mwambie Jalisa asome. Akiwa wa kwanza nataka kuona ile karatasi.

Denitra

*

Imeletwa kwa mkono na Bwana Teague
19 Agosti 2023

Mwanangu Denitra,

Jalisa hajambo, ameongezeka urefu, suruali zote zimekuwa za kuvukia mto. Goti ndilo hilohilo. Bwana Teague amesema kazi yake kwenye kesi yako imekwisha, na hii ndiyo ya mwisho atakayoibeba. Basi hii nakuandikia kwa akili yangu. Baada ya hii utakuwa unapata zile za Hosea na ngazi.

Unaniuliza kama nakumbuka siku ya kesi. Nakumbuka hadi rangi ya soksi za yule karani. Watu wa kanisa walijaa mabenchi matatu. Mwendesha mashtaka akazisoma barua zangu kwa sauti, zote mbili, hadi ile ya kalamu ya mazishi. Alizisoma vizuri, nilikuwa najisikia fahari kidogo, Mungu anisamehe, maana zilikuwa zimeandikwa vizuri. Halafu ukasimama wewe na hayo mavazi ya jela ya rangi ya chungwa. Ukasema, "Shangazi yangu alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote mjini kwetu, Mheshimiwa. Sasa hajui hata mwaka." Sikukuangalia. Niliwaangalia wenzangu. Lavonia alikuwa analia. Shemasi Rufus alikuwa anatazama sakafu.

Jaji akaniita. Aliongea polepole, kwa sauti kubwa, wanavyoongea na watoto na wageni. "Bi Mabry, unajua leo ni siku gani?" Denitra, nilijua. Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na mbili Juni, siku aliyozaliwa baba yako, saa nne na dakika ishirini kwa saa ya ukutani ambayo ilikuwa imechelewa dakika sita. Nilikuwa na majibu yote hayo hapa mdomoni. Nikainua macho nikamwambia, "Ni Jumapili, baba. Nangoja basi." Baadhi ya watu nyuma wakacheka. Jalisa aliminya mkono wangu kwa nguvu, nami nikamminya, nikakaa. Ndipo akasoma miaka yako, nami nikaendelea kukaa. Katika maisha yangu yote sijawahi kukaa hivyo mtu wangu akisomewa hukumu.

Kanisani wamenivua uhudumu. Kwa upole, wala sina wa kumlaumu. Mchungaji aliziomba glavu akaniambia nimefanya kazi kubwa na sasa ni wakati wa wengine. Lavonia ndiye msimamizi wa basi sasa, na hesabu hajui, alitangaza watu thelathini na tisa kwenye matembezi ya kina mama wakati tulikuwa thelathini na sita. Nilifunga mdomo. Wananikatia nyama sahanini. Wananiuliza kama nimekwenda haja. Dada mmoja aliniimbia wimbo wa watoto wa shule ya Jumapili huku amenishika mashavu. Siwezi kumwambia hata mmoja wao, maana mji huu siri ikitoka kwenye mdomo mmoja jioni iko mahakamani.

Kisha mwezi wa saba akaja mwanamke wa ofisi ya watoto. Amesoma hukumu. Kama bibi hajui mwaka, anamleaje mtoto? Ndipo nilipoona vizuri mahali tulipojifungia. Kwa jaji niwe sina akili, kwa huyu niwe nazo. Nikamwonyesha daftari la dawa, ratiba ya shule, vyakula vya wiki nzima. Nikamtajia namba ya simu ya shule bila kuangalia. Akauliza rais ni nani, nikamwambia, na nikamwambia nisichokipenda kwake. Akaweka kalamu chini. Ni mweusi kama sisi, umri wako, kucha amezipaka vizuri. Akasema, "Lakini mahakamani, mama?" Nikasema, "Mwanangu, kuna siku nzuri na kuna siku mbaya." Akaandika kitu, hakunionyesha. Amesema atakuwa anakuja kila mwezi bila kutoa taarifa. Kwa hiyo kila gari linalopunguza mwendo mbele ya nyumba, nasimama nyuma ya pazia nikijiuliza leo ni nzuri au mbaya.

Sasa nina jambo ambalo wewe hukuliandika hata mara moja. Nilizisoma barua zako zote nikilitafuta, nikilingoja, hasa ile ya mwezi wa nne ambayo hakuna aliyekuwa anaisoma ila mimi. Hukuliandika. Basi naliandika mimi.

Uliniambia. Uliniambia mara mbili. Pale mezani ulisema, "Shangazi, nadhani mimi bado. Acha kwanza nimuulize afisa wangu." Nikakwambia umetoka, mtu aliyetoka ametoka, nani kakufundisha kujifunga mwenyewe wakati wameshakufungulia. Na Jumapili ile ukasimama chini ya mlango wa basi hutaki kupanda. Ukaninong'oneza tena. Mimi nikacheka, nikageuka nikawaambia waliokaa ndani, "Mnamwona huyu? Mama yangu alipanda ngazi mara tano kwa viatu vya kuazima, yeye anaogopa ngazi mbili za basi!" Basi zima likacheka. Ukapanda. Nilikuona uso ulivyokuwa na bado nikahesabu: arobaini na mmoja.

Nilitaka namba itimie. Nilitaka wakuone, mtoto wa Hosea, kwenye foleni na kale kastika kenye tunda la pichi kifuani, wanakotoa ukishapiga kura, wajue familia yetu haijavunjika. Sikukusikiliza. Nimewalaani watu wa mahakama kila siku, na wanastahili, mtego ni wao, waliutega kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Lakini aliyekusukuma mgongoni ni mimi. Samahani, Denitra. Nimeliandika nikaliangalia, ni neno dogo mno, ila sina jingine.

Usinijibu hili. Itafunguliwa.

Nilikuandikia mwanzoni kwamba nimezeeka, sina cha kupoteza. Na miaka hii yote kwenye maombi ya Jumatano nimekuwa nikisimama na kusema niko tayari, Bwana akiniita leo nitaitika. Nilisema vizuri sana, watu wakiitikia kwa sauti. Jumatano iliyopita sikusimama. Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, goti bovu na zima yote mawili, Jalisa akidhani naokota kitu chini. Nikamwambia Bwana aniondoe kwenye orodha yake. Nitafikisha themanini na moja utakapotoka, na mtoto atakuwa na kumi na tatu, na hakuna mwingine wa kumpokea. Nimemwambia asithubutu kuniita kabla ya Julai mwaka 2027. Sikumwomba, Denitra. Nilimwambia.

Shangazi yako,
Earline Mabry